Anayekunywa Ni Nani? Dawa za Ayurveda na Umbile la Mwili

Kwa vaidya, tabibu wa Ayurveda wa kule India, watu wawili wenye kikohozi kilekile wanaweza kutoka na dawa mbili tofauti. Kabla ya kutaja mti wowote hupima mapigo ya mshipa, hutazama ulimi, huuliza unavyolala na unavyopata choo. Anatafuta prakriti, yaani umbile ulilozaliwa nalo.

Mafundisho ya Ayurveda yana nguvu tatu. Mwenye vata, nguvu ya upepo, ni mwembamba, ngozi kavu, choo kigumu, baridi humsumbua. Hupewa vya joto na mafuta, kama ashwagandha katika maziwa moto. Mwenye pitta ana moto: njaa kali, jasho, kiungulia, hasira za karibu. Huyu hupozwa kwa giligilani au shatavari, na pilipili huambiwa aiache. Kapha ni uzito na makohozi. Tangawizi na pilipili manga humchangamsha mwenye nayo. Wazee wetu wa pwani nao hutenga vyakula vya joto na vya baridi, kwa hiyo lugha hii si ngeni kwetu.

Sayansi ya hospitali haijathibitisha kwamba kuchagua dawa kwa umbile huponya zaidi. Hata hivyo swali la vaidya, anayekunywa ni nani, ni jema, na nyumbani tuliongezee: anayekunywa ni mjamzito? Ana presha? Anameza vidonge gani? Yashtimadhu, mzizi mtamu wa kulainisha koo, ukizidi hupandisha presha. Ashwagandha haimfai mjamzito, na imeshaumiza maini ya baadhi ya watumiaji. Manjano ya vidonge, kali kuliko ya mchuzi, inaweza kumfanya avuje damu anayetumia warfarini.

Hatari nyingine haichagui umbile. Baadhi ya dawa hizi, hasa za mapokeo ya rasa shastra, hutiwa madini kwa makusudi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupima dawa 193 zilizouzwa kwenye intaneti: takriban 1 kati ya 5 ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya. Unga usioandikwa mtengenezaji wala viambato, usimpe mtoto hata kijiko.

Ukienda kliniki, beba kopo lenyewe umwonyeshe daktari. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acha dawa siku hiyohiyo, nenda hospitali.