Kuhesabu Panya katika Mashamba ya Milimani



Wewe ulimaye mahindi katika miteremko ya Usambara wayajua haya: umepanda vizuri, na baada ya siku chache waona vishimo mistarini, na mbegu hazimo. Watu husema, "Panya wamekuja ghafla." Sivyo. Walikuwa wakiongezeka kwa miezi mingi, ila hapakuwa na mtu aliyewahesabu. Karatasi hii yakufundisha kuwahesabu, upate kuijua hatari kabla hujatia mbegu ardhini.

1. Tabia ya panya shamba

Panya shamba jike huchukua mimba kwa siku zipatazo 23, na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Kuzaa kwao hufuata mvua, majani mabichi na mbegu za nyasi zinapopatikana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliowachunguza panya hawa miaka mingi, wameona ya kuwa vuli ikinyesha kwa wingi, panya huanza kuzaa mapema, na huenda wakazidi sana mwaka ule. Basi mwaka wa vuli nyingi, uufurahiao, ndio mwaka wa kuwa macho.

2. Namna ya kuhesabu

Pata mitego 20. Kama huna, changeni wewe na jirani zako. Itege kwa mstari mmoja, hatua 10 kati ya mtego na mtego, kutoka ukingo wa msitu au kichaka hadi ndani ya shamba. Chambo kiwe karanga zilizokaangwa na kutwangwa, zikachanganywa na unga wa mahindi. Tega jioni, kagua alfajiri, usiku 3 mfululizo. Fanya hivyo kila mwezi, mahali pale pale, kwa mitego ile ile na chambo kile kile. Ukibadili kimojawapo, hesabu zako hazilinganiki tena.

Mitego 20 kwa usiku 3 ni sawa na mitego 60 ya usiku mmoja. Tuseme umenasa panya 6. Zidisha 6 kwa 100, kisha gawanya kwa 60, utapata 10. Maana yake, kila mitego 100 yanasa panya 10. Andika katika daftari tarehe, hesabu hiyo na hali ya mvua. Namba moja peke yake haisemi mengi. Ilinganishe na ya miezi iliyotangulia. Ikiwa mwezi wa kwanza ni 5, wa pili 10, wa tatu 20, usingoje tena.

3. Si kila mnyama mdogo ni mwizi

Kando ya msitu huenda ukamnasa kirukanjia, mwenye pua ndefu iliyochongoka. Huyu hula wadudu hasa. Mwandike peke yake, usimtie katika hesabu ya panya. Ukiwa na mtego wa sanduku usioua, mfungulie mlango aende zake.

4. Onyo juu ya tauni

Katika Wilaya ya Lushoto, tangu 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu zaidi ya 7,000 waliugua tauni, na mamia wakafa. Viroboto wa panya ndio waichukuao. Panya akifa, humwacha na kutafuta damu nyingine, hata ya mtu. Kwa hiyo usimshike panya kwa mkono mtupu. Mwinue kwa koleo, umzike katika shimo refu, na watoto wasimkaribie. Ukiona panya wamekufa ovyo bila kutegwa, acha kutega, usiwaguse, upeleke habari siku ile ile kwa Bwana Afya. Mchukulie na daftari lako.

5. Hesabu ikipanda

Fyekeni nyasi kingoni mwa mashamba. Tegeni nyote pamoja, kwa kuwa shamba la mtu mmoja aliyetega hujazwa tena na panya wa jirani aliyelala. Pandeni siku zile zile, maana apandaye peke yake huwalisha panya wa kijiji kizima. Lindeni mbegu tangu kupanda hadi miche ipate nguvu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Anza kuhesabu mwezi huu.