Bwawa la Samaki Wakati wa Baridi: Meru na Embu

Mtu akaaye Kianjokoma au Githongo hana haja ya kuelezwa baridi ya mwezi wa Julai. Tangu Juni hadi Agosti ukungu huteremka kutoka Mlima Kenya, na jua huweza kupotea siku kadha wa kadha. Watoto huvishwa sweta. Lakini samaki walio bwawani nyuma ya nyumba, ni nani awafikiriaye?

Mabwawa mengi ya sehemu hizi yalichimbwa kuanzia mwaka 2009, serikali ilipotoa fedha za kuinua uchumi; bwawa la kawaida lilikuwa na eneo la mita za mraba 300. Mwenye bwawa kama hilo huenda ameweka humo karo ya watoto. Akikuta samaki wanaelea asubuhi, husema, "Baridi imewaua." Mara nyingi sivyo.

Perege hustawi katika maji yenye joto la digrii 25 hadi 30 za sentigredi. Joto likishuka chini ya 20 hula kidogo, na karibu na 16 huacha kula. Kufa kwa baridi yenyewe huwa mpaka maji yafikie kama digrii 11 au 12, na bwawa lenye kina halifiki huko upesi. Kinachowaua zaidi ni huruma ya mwenyewe. Humwaga pumba kwa kipimo kile kile cha mwezi wa Machi. Haziliwi, huzama na kuoza, na kuoza huko humaliza hewa iliyomo majini. Tena siku za mawingu mimea midogo iyapayo maji rangi ya kijani haitoi hewa ya kutosha, na usiku hutumia hiyo hiyo iliyobaki. Kufikia alfajiri samaki hupanda juu wakitweta.

Basi kazi ianze mwezi wa Mei. Vua samaki waliokwisha kufaa kuuzwa, maana wavu wakati wa baridi huwachubua magamba, na palipochubuka huota ukungu mweupe kama pamba. Toa tope, na upande wa kina uwe na maji ya mita moja au zaidi. Kata matawi yanayozuia jua.

Juni ikifika, lisha mara moja tu, kati ya saa tano na saa tisa mchana, kiasi cha kumalizika kwa dakika 15. Wasipokula, usiongeze. Punguza samadi pia. Tumbukiza mkono: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, kijani kimezidi, acha samadi kabisa. Maji ya mfereji utokao mlimani ni baridi sana. Fungulia mchana, kiasi cha kufidia yaliyopungua tu. Hata hivyo, ukiona samaki wanatweta, fungulia mara moja bila kungoja jua, kwa kuwa hewa ni bora kuliko joto.

Trauti, walioletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Uingereza, hupenda baridi hiyo hiyo. Hao si wa bwawa la pumba. Na jirani wa Ishiara, kwenye joto la chini, aweza kuendelea kulisha karibu kama kawaida.