Maswali na Majibu: Udongo na Metali Nzito

1. Eleza maana ya udongo kushika metali nzito. (Alama 2)

Ni kitendo cha ioni za metali kama risasi, kadimi na zebaki kutoka kwenye maji ya udongo na kushikamana na chembe za udongo (alama 1), hivyo mizizi na maji yapitayo hayazichukui kwa urahisi (alama 1). Kushika si kuondoa. Ukiandika kuwa metali "huisha", hupati kitu.

2. Taja sehemu tatu za udongo zinazoshika metali nzito. (Alama 3)

Madini ya mfinyanzi; oksidi za chuma na alumini; mboji. Mchanga usiutaje.

3. Tofautisha ubadilishanaji wa kationi na kifungo cha kemikali. (Alama 6)

Katika ubadilishanaji wa kationi, chaji hasi ya mfinyanzi au mboji huvuta ioni yenye chaji chanya, kwa mfano kadimi hukaa mahali pa kalsiamu. Ilhali katika kifungo cha kemikali, ioni hujifunga moja kwa moja na oksijeni iliyo juu ya oksidi ya chuma, au na vikundi vya kaboksili na fenoli vya mboji. Mshiko wa kwanza ni dhaifu: kalsiamu ikizidi, kadimi hurudi majini, ilhali wa pili ni imara. Risasi na shaba hufungwa kwa kemikali zaidi kuliko kadimi na zinki. Zebaki hupendelea vikundi vyenye salfa.

Zingatia neno "ilhali". Maelezo mawili yaliyopangwa moja baada ya jingine si tofauti, na hapa ndipo alama hupotea kila mwaka.

4. Eleza athari ya kushuka kwa pH. (Alama 3)

Ioni za hidrojeni huongezeka na kushindania nafasi, chaji hasi ya mboji na oksidi hupungua, metali huachiliwa. Chokaa hupandisha pH na kurudisha mshiko.

Mtego: aseniki huwa anioni, si kationi. Chokaa yaweza kuiachilia.

5. Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe, Zambia, ulifungwa mwaka 1994.

(a) Kwa nini risasi ingali kwenye tabaka la juu la udongo? (Alama 2)

Risasi ni elementi, haiozi. Mboji na oksidi huishika kwa nguvu, hivyo mvua haiipeleki chini.

(b) Kwa nini risasi iliyoshikwa bado huwadhuru watoto? (Alama 3)

Mtoto humeza vumbi. Asidi ya tumbo, yenye pH ya takribani 2, huvunja mshiko. Risasi huingia kwenye damu. Jibu la mizizi na mazao halijibu swali hili.

(c) Pendekeza njia moja ya kupunguza madhara hayo. (Alama 2)

Kuongeza fosfeti, ambayo huunda na risasi chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi. Au kufunika udongo ili vumbi lisipeperuke. "Kupanda miti" bila maelezo: sifuri.