Waambie ndugu zako kabla hawajaambiwa

Wadogo zangu, wiki hii tuongee kuhusu mikopo ya kwenye simu. Meseji zenu ni nyingi na zinafanana mno: mtu kakopa kidogo, kachelewa siku mbili, na kabla hajajua la kufanya, mama mkwe, bosi na hata fundi cherehani wake wameshatumiwa ujumbe kwamba yeye ni tapeli.

Hebu tupige hesabu kwanza, maana maumivu huanzia hapo. Tuseme umeomba 100,000. Kwenye simu inaingia 75,000, iliyobaki unaambiwa ni ada. Baada ya siku 7 wanataka 100,000 kamili. Huna. Basi wanakubali utoe 25,000 wakusogezee wiki nyingine. Ukisogeza hivyo mara tatu, laki moja nzima imeishia kwenye ada na deni lako halijapungua hata shilingi. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hawa wa kwenye simu wanakula theluthi ya ulichopokea kwa wiki moja! Ndiyo maana mtaani tunaiita kausha damu.

Sasa rudi siku ile unapakua programu. Iliomba iyaone majina yote kwenye simu yako, picha, na meseji. Ukabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, akili yako yote ikiwa kwa mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada ya shule. Hawakukuomba hati ya nyumba wala kadi ya gari, kwa sababu dhamana walishaichukua pale pale: heshima yako mbele ya watu wako.

Sheria zipo. Kenya ina kanuni za wakopeshaji wa kidijitali tangu 2022. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kwa hiyo kabla hujapakua chochote, hakikisha mkopeshaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni. Hayumo? Achana naye, hata kama shida imekubana vipi.

Na wewe ambaye tayari umenasa, nisikilize vizuri mdogo wangu. Wakopeshaji hawa wanaishi kwa aibu yako. Unajificha, unazima simu, unakopa kwa wa pili umlipe wa kwanza ili tu mumeo asijue, na wao wanalijua hilo vizuri kuliko wewe. Wawahi. Leo hii waandikie watu wako: “Jamani, nina deni la mtandaoni na ninalimaliza. Mkipata meseji ya kunitukana, msijibu, msilipe, ipigeni picha mnitumie.” Mistari miwili tu, na tishio lao kubwa limekwisha nguvu. Zile picha zitunze, nenda nazo polisi na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Deni lenyewe ulilipe, sikushauri udhulumu mtu, lakini usikope tena ili kulilipa. Kaa na kikundi chako cha VICOBA au mtu mmoja wa nyumbani, mpange kwa pamoja kiasi gani kitoke kila mwezi.

Kuna jambo jingine linaniuma. Baadhi yenu mmekopa ili mchangie harusi na kushona sare ya send-off. Mpendwa wangu, neno “sina” si tusi. Kadi ya mchango inaweza kurudi tupu na undugu ukabaki.

Mwisho niseme na wewe uliyepokea ujumbe wa kumchafua shoga yako au mfanyakazi mwenzako. Usiurushe kwenye grupu la ukoo, wala usimsimulie jirani. Wapo wanaofikia kutaka kujidhuru kwa fedheha hii. Mpigie simu mwenyewe, leo, umwambie umeipata meseji na bado uko upande wake.