LINDA MACHO YAKO: Kung'oa ua wa miti yenye maziwa

Ndugu mfanyakazi, mgodini huingii bila kofia na miwani. Mbona siku ya mapumziko unakata ua wa nyumba macho wazi? Ule mti wa vijiti vya kijani, karibu hauna majani, una maziwa makali. Tone moja likiingia jichoni laweza kukufanya usione kwa siku kadhaa.

Fanya hivi:

1. Anza mwezi wa 5, mvua zikiisha. Wakati wa mvua kijiti kilichoanguka huota tena.
2. Vaa miwani, mikono mirefu na vifuniko vya mikono. Watoto wakae mbali.
3. Kata matawi, yaanike juu ya mawe. Usiyachome wala kuyapikia: moshi wake huwasha macho.
4. Visiki vikichipuka, kata machipukizi kila juma. Mizizi itakosa chakula na kudhoofika.
5. Mwezi wa 9, mbele ya mvua, ng'oa visiki kwa jembe. Usimwage chumvi wala mafuta machafu ya motokaa: utaharibu udongo wa mboga za mama.

Maziwa yakiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi dakika 15, kisha nenda hospitali upesi.

Jicho haliuzwi dukani.