Mtoto Ashike Titi, Asishike Chuchu

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo watu wengi hudhani halihitaji mafundisho, yaani jinsi ya kumweka mtoto kwenye titi. Husemwa kwamba mtoto huzaliwa akijua kunyonya. Ni kweli. Lakini mama wa uzazi wa kwanza hazaliwi akijua kupakata. Zamani msichana aliyekulia kihambani aliwaona dada zake, shangazi zake na wake wa kaka zake wakinyonyesha kila siku, akajifunza bila kufundishwa. Siku hizi wengi wamekulia shule za bweni, kisha wanaishi mjini Moshi katika chumba cha kupanga na mume tu. Titi la kwanza wanaloliona kwa karibu likinyonywa ni la kwao wenyewe.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa miongoni mwa akina mama wa mkoa wetu wa Kilimanjaro. Ulionyesha kwamba kiasi cha mama mmoja tu kati ya watano ndiye aliyempa mtoto maziwa yake peke yake, bila maji wala uji, mpaka miezi sita. Walioweza walikuwa zaidi wale ambao hawakupata matatizo ya matiti, kama vile kujaa kupita kiasi na kupasuka chuchu, na wale walioshauriwa juu ya kunyonyesha baada ya kujifungua. Sisi tunaofanya kazi katika wodi ya wazazi hatukushangaa. Shida nyingi za kunyonyesha huanza wiki ya kwanza, na mara nyingi chanzo chake ni kimoja: mtoto ameshika chuchu badala ya kushika titi.

KINACHOTOKEA MDOMONI

Nawa mikono vizuri, kisha tia kidole chako mwenyewe mdomoni, upande wa juu, nyuma ya meno. Utagusa mahali pagumu. Sogeza kidole ndani kidogo zaidi, nawe utafika pale ugumu unapokwisha na nyama inakuwa laini. Hapo mbele ni kaakaa gumu, na huko nyuma ni kaakaa laini. Mtoto aliyeshika vizuri amejaza mdomo wake kwa titi lenyewe, pamoja na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu. Chuchu yenyewe imeingia ndani mpaka karibu na penye ulaini, na ulimi umelala chini ya titi. Ulimi unaposhuka maziwa huvutwa, na chuchu haisuguliwi na kitu chochote.

Lakini aliyeshika chuchu peke yake anaibana kati ya ulimi na kaakaa gumu. Kila anapovuta, anaisaga. Mama anaumia, chuchu inachubuka na kupasuka, na maziwa yanatoka kidogo tu. Baada ya hapo matatizo yanafuatana kama siafu. Mtoto hashibi, basi analia na kutaka kunyonya kila mara. Mama anaogopa maumivu, basi anachelewesha. Maziwa yanabaki ndani, na titi linakuwa gumu kama jiwe. Titi linaloachwa limejaa siku baada ya siku hupunguza kutengeneza maziwa mengine, kwa maana mwili hutengeneza kwa kadiri mtoto anavyoondoa. Ikifika wiki ya tatu, bibi anasema maziwa ya huyu mama ni mepesi, na sufuria ya uji inateleekwa jikoni. Uji huo na maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji ndiyo yanayotuletea watoto wanaoharisha.

Mama mmoja kijana alitujia kutoka huko juu mlimani na mtoto wa wiki tatu. Kadi ilionyesha kwamba mtoto alizaliwa na kilo 3.1, na siku hiyo alikuwa na kilo 3. Walikuja pamoja na mama mkwe, aliyebeba chupa ya maziwa ya ng'ombe kwenye kikapu.

“Sista, huyu hana maziwa,” alisema mama mkwe. “Nimempikia mtori mpaka ndizi zinataka kwisha shambani.”

Tulimwomba mama anyonyeshe tuone. Mtoto alikuwa amevaa fulana, sweta na kofia, tena amezungushiwa mablanketi mawili, amelala chali mapajani akiangalia dari huku shingo imegeuzwa pembeni. Mama alikuwa ameinama mpaka mgongo umepinda, akimwingizia chuchu mdomoni kwa vidole viwili. Mashavu ya mtoto yalibonyea ndani, na kila alipovuta ulisikika mlio wa ulimi. Tulimvua mablanketi, tukamwegemeza mama ukutani, tukamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake. “Ngoja, mwanangu, usimpe bado. Ngoja afungue mdomo.” Mara ya tatu akashika. Aliyesikia wa kwanza ni mama mkwe: “Anameza!” Wiki iliyofuata mtoto alikuwa ameongezeka gramu 200, na mtori ni ule ule. Mtori ni chakula kizuri sana kwa mzazi, nami mwenyewe naupenda, lakini mtori hauwezi kumfungulia mtoto mdomo.

NAMNA YA KUMPAKATA

Anza na mama. Keti mahali ambapo mgongo una pa kuegemea. Kigoda cha jikoni ni kizuri kwa kumenyea ndizi, si kwa kunyonyeshea, kwa sababu kinakulazimisha kuinama. Ukikaa kitandani, egemea ukuta na uweke mto au blanketi lililokunjwa chini ya mkono unaombeba mtoto. Aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kulala ubavu mtoto akiwa amelala ubavu kumwelekea, au kumpakata chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma ya mama, ili asiguse mshono.

Kisha mtoto. Geuza shingo yako uangalie bega, halafu jaribu kumeza mate. Umeona ilivyo vigumu? Ndivyo anavyohangaika mtoto aliyelala chali na kugeuzwa kichwa tu. Kichwa, shingo na mwili wake vinyooke katika mstari mmoja, mwili wote ukuelekee wewe, naye asogee mpaka tumbo lake likuguse. Mshike mwili mzima, usimshike kichwa na mabega tu. Wala usimsukume kisogo kwa kiganja, maana mtoto akisukumwa kisogo hukataa na kurudi nyuma, na watu husema amelikataa titi.

Hapa niseme neno juu ya baridi. Najua Juni na Julai kule Kibosho, Marangu na Rombo si mchezo. Lakini mtoto aliyefungwa kama mgomba uliofunikwa majani yuko mbali na titi hata akiwa mapajani mwako, na mikono yake iliyofungwa kifuani inamzuia kusogea. Njia bora ni kumpunguzia nguo, kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, kisha kujifunika blanketi ninyi wawili pamoja. Kifua cha mama kina joto la kutosha, na mtoto mwenyewe huanza kulitafuta titi.

Sasa elekeza pua yake kwenye chuchu, si mdomo wake. Akina mama wengi hushangaa wakisikia hivi, lakini ndiyo siri yenyewe. Pua ikielekea chuchu, mtoto huinua uso kidogo, na kidevu hutangulia. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, usubiri. Atafungua kidogo, usimpe. Atafungua tena, mdomo wazi kabisa kama anayepiga miayo. Hapo mvute upesi kwako, kidevu kikitangulia kuzama kwenye titi, mdomo wa chini ukiwa mbali na chuchu. Ni kama tunavyomega embe kubwa: taya la chini hutangulia. Mlete mtoto kwenye titi, usipeleke titi kwa mtoto.

Ukitaka kulisaidia titi, weka vidole vinne bapa chini yake, karibu na kifua, na dole gumba juu. Usilibane kwa vidole viwili kama mkasi, kwa maana vidole hivyo vinakaa palepale ambapo mdomo wa mtoto ulipaswa kufika. Wengine huogopa mtoto atakosa hewa, wakabonyeza titi kwa kidole karibu na pua. Usifanye hivyo, unamtoa chuchu mdomoni. Vuta makalio yake karibu nawe zaidi, kichwa kitarudi nyuma kidogo na pua itapata nafasi.

UTAJUAJE AMESHIKA VIZURI?

Tazama: mdomo uko wazi sana, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kinagusa titi, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu ni ya mviringo. Mwanzoni huvuta haraka haraka, halafu maziwa yakishuka huvuta polepole na kwa kina, anapumzika, anavuta tena, nawe unasikia akimeza. Akishiba huliachia mwenyewe.

Siku za kwanza mama anaweza kusikia maumivu kidogo mtoto anapoanza kuvuta, nayo hupita upesi. Yakiendelea, usivumilie. Kuna wanaoamini kwamba maumivu ya kunyonyesha ni sehemu ya uzazi, sikubaliani nao. Ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wa mtoto ili aachie, kisha anza upya, hata mara tano. Usimchomoe kwa kumvuta, utaichana chuchu. Tena, anapoachia, iangalie chuchu. Ikiwa imebonyea upande mmoja au ina mstari mweupe, hakushika vizuri.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Kuanzia kama siku ya tano, akikojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, na choo kimebadilika kutoka cheusi kuwa cha njano, maziwa yanamtosha. Kupungua uzito kidogo siku za kwanza ni kawaida, lakini afikapo wiki mbili awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Yaaminini haya na mizani ya kliniki kuliko kilio, maana mtoto hulia kwa mambo mengi.

MATITI YAKIJAA, CHUCHU IKIPASUKA

Siku ya tatu hivi maziwa huja kwa wingi, na weusi wa titi huweza kuwa mgumu kiasi kwamba mtoto hawezi kuushika. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kamua kidogo kwa mkono mpaka weusi ulainike, ndipo umpe. Baada ya kunyonya weka kitambaa cha maji baridi, nayo hayo huku kwetu hatujapungukiwa. Usilisugue titi kwa nguvu.

Chuchu iliyopasuka hupona mtoto akishika vizuri. Bila hilo, hakuna dawa itakayosaidia. Anza na upande usiouma sana. Baada ya kunyonyesha, paka tone la maziwa yako mwenyewe juu ya chuchu, uache likauke. Usioshe chuchu kwa sabuni kila mara. Ikiwa huwezi kabisa kuvumilia, kamua umpe maziwa hayo kwa kikombe kidogo, si kwa chupa, kwani chuchu ya chupa humzoesha mtoto kubana mdomo.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na kutumia dawa zake vizuri hunyonyesha kama anavyoelekezwa kliniki. Lakini chuchu yake ikipasuka au kutoa damu, asingoje. Aje siku hiyo hiyo, na kabla ya kufika anyonyeshe upande usio na kidonda tu. Maziwa ya upande wenye kidonda ayakamue na kuyamwaga.

Sehemu ya titi ikiwa nyekundu, ya moto, na mama ana homa, aendelee kunyonyesha huku akija hospitali, kwani huenda likawa jipu. Mtoto mwenye utando mweupe mdomoni usiofutika ana fangasi, naye na mama yake hutibiwa pamoja. Wapo watoto wachache ambao ulimi wao umeshikwa chini mno, na hao wanahitaji kupimwa na mtaalamu.

Naomba mnisikilize hapa, hasa akina bibi. Mtoto akikataa kunyonya akiwa na homa au anaharisha, msimpeleke kwa wanaong'oa “meno ya plastiki”, imani iliyoenea nchini tangu miaka ya 1980, wala kwa wanaokata kimeo. Vile vijivimbe vyeupe kwenye fizi ni meno ya kweli yasiyoota bado. Watoto wametokwa damu nyingi na kupata maambukizo kwa ajili ya jambo hili. Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya ni mgonjwa, na siku hiyo hiyo anatakiwa hospitali.

Akina baba, mama anayenyonyesha mara kumi kwa siku hana nafasi ya kuteka maji na kukata majani ya ng'ombe. Mnaoajiri, jueni kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kazi ili amnyonyeshe mtoto wake. Nanyi akina mama wa jumuiya mnaokwenda kumpongeza mzazi, badala ya kuuliza tu kama maziwa yapo, mwombeni anyonyeshe mkiwapo. Aliyewahi kunyonyesha watoto wanne au watano anaweza kumsaidia kuegemea vizuri na kumsogeza mtoto. Kama kazi hiyo itawashinda, mleteni kliniki ya mama na mtoto, zahanati au hospitali iliyo karibu, pamoja na kadi. Aje kabla hajamnyonyesha mtoto, maana mtoto aliyeshiba analala, nasi hatutaona chochote.