Tochi ya Askari na Chombo cha Kunasa Rada



Likizo ya Desemba niliimaliza kwa mjomba wangu, Igoma, hapa Mwanza. Mjomba ni dereva wa gari dogo la abiria katika njia ya Musoma, ile ipitayo Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda. Jioni moja alirudi na kisanduku cheusi cha kutosha kiganjani, akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye msoma fizikia. Nifungie kitu hiki." Kilikuwa chombo cha kunasa rada, kitu cha kutoka ng'ambo, ambacho hupiga kelele gari linapokaribia tochi ya askari wa barabarani. Nilikifunga. Leo nataka kueleza jinsi nilivyokifunga, jinsi kinavyofanya kazi, na sababu ya kukifungua tena siku ya tisa.

Tochi hupimaje mwendo?

Simama ufukoni siku ya upepo, utazame mtumbwi uliotia nanga. Mawimbi huugonga moja baada ya jingine, kwa nafasi zilizo sawa. Sasa mvuvi ang'oe nanga, apige kasia kuyaelekea mawimbi. Yataugonga mtumbwi upesi upesi zaidi, ingawa ziwa halikubadilika. Akigeuka kuyakimbia, yataugonga polepole. Mtu aliyeieleza kanuni hii ni Christian Doppler wa Austria, mwaka 1842.

Tochi ya rada hutumia kanuni hiyo hiyo kwa mawimbi ya redio. Namna moja itumikayo sana hutoa mawimbi bilioni 24.15 kwa kila sekunde. Yakigonga bati la gari linalokuja, hurudi yakiwa yameongezeka kidogo. Gari likija kwa kilometa 50 kwa saa, nyongeza ni mawimbi 2,236 hivi kwa sekunde. Likija kwa kilometa 80, nyongeza ni 3,578 hivi. Tochi huihesabu nyongeza hiyo, ikamwonyesha askari namba ya mwendo.

Chombo cha kunasa ni nini?

Si kitu kingine ila redio ya kupokea. Chenyewe hakitoi mawimbi, husikiliza tu. Mawimbi ya tochi hufika garini yangali na nguvu, lakini yale yanayorudi kwa askari yamekwisha kufifia kwa safari ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo chombo huweza kuyasikia mawimbi ya rada kabla tochi haijapata jibu lake.

Jinsi nilivyokifunga

Kwanza, mahali. Nilikibandika ndani ya kioo cha mbele, chini ya kioo cha kutazamia nyuma, kikiwa sawasawa na kikiitazama barabara. Chuma huzuia mawimbi, basi kisifichwe na bati wala kifagio cha kioo. Wala kisimzibe dereva macho.

Pili, umeme. Betri ya gari dogo ni ya volti 12, na chombo hiki hutumia kama ampea 0.4. Zidisha: 12 mara 0.4 ni wati 4.8, umeme kidogo tu. Njia rahisi ni kuchomeka waya wake katika tundu la kuwashia sigara, ambalo chanya yake iko katikati na hasi iko pembeni. Lakini mjomba alihitaji tundu lile kwa simu za abiria, basi nilivuta waya kutoka kwenye sanduku la fyuzi. Nilichagua mahali panapopata umeme wakati ufunguo umewashwa tu. Sababu ni hii: ampea 0.4 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 10. Betri ya ampea-saa 45 ingeisha katika siku nne au tano gari likiwa limelala.

Tatu, usalama. Katika waya wa chanya nilitia fyuzi ndogo ya ampea 2, karibu na pale umeme unapoanzia, ili waya ukichubuka ikatike fyuzi, gari lisiungue. Waya wa hasi niliufunga kwa skrubu kwenye bodi ya gari, baada ya kukwangua rangi. Ndugu zangu wenye wajomba wa malori mkumbuke kwamba malori mengi ni ya volti 24. Chombo cha volti 12 kikitiwa humo kitaungua.

Mambo tuliyoyaona

Safari ya kwanza nilifuatana na mjomba. Mjini chombo kililia mara nyingi pasipo askari yeyote. Baadaye nilifahamu kwamba milango ya maduka inayojifungua yenyewe hutumia mawimbi ya jamii ile ile, na kadhalika baadhi ya magari mapya yenye rada ubavuni.

Mbele ya Kisesa tulisimamishwa na askari mwenye tochi, na chombo hakikulia hata kidogo mpaka namba yetu ilipokwisha kusomwa. Tochi nyingine hazitumii rada, hutumia leza, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo hutupwa kidogo kidogo, na tochi hupima muda wake wa kwenda na kurudi. Kwa gari lililo mita 300, muda huo ni sekunde 2 tu zilizogawanywa kwa milioni. Tena mwanga ni mwembamba. Kwa umbali huo upana wake ni kama mita moja, hivyo hausambai kumwonya dereva wa nyuma. Chombo kikilia kwa leza, jua umekwisha kupimwa.

Hata hivyo mjomba alizidi kukiamini. Kikinyamaza, alikanyaga mafuta.

Siku ya tisa tulipita kijiji kimoja mbele ya Magu. Chombo kilikuwa kimya, na mshale wa mwendo ulikuwa kwenye 80. Mtoto wa miaka kama saba alitoka nyuma ya mkokoteni akiwa na dumu la maji. Mjomba alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mtoto alilitupa dumu, akarukia nyuma. Gari lililipasua dumu, likasimama mbele sana. Tulirudi mbio, tukamkuta mzima, amekaa kando ya lami, akitetemeka. Bibi yake alikuja. Hakututukana. Alimshika mkono mjukuu wake, akaokota vipande vya dumu. Mjomba alimlipa thamani ya dumu, naye alipokea bila kututazama.

Usiku ule sikulala, nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Dereva huchukua kama sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Kwenye lami kavu, breki nzuri hupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde, kila sekunde. Gari la kilometa 50 kwa saa husimama baada ya mita 28 hivi. Gari la kilometa 80 huhitaji karibu mita 58. Pale pale ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, la pili lingali likienda kilometa 73 kwa saa. Tena niliuliza: tulikuwa tunaokoa nini? Kijiji cha urefu wa kilometa 2 hupitwa kwa sekunde 144 ukienda 50, na kwa sekunde 90 ukienda 80. Faida yetu ilikuwa sekunde 54.

Asubuhi nilimwonyesha mjomba karatasi ile. Aliisoma mara mbili, akasema, "Lakini chombo hakikulia." Nikamjibu, "Mjomba, hakikukosea. Askari hakuwapo. Kinajua habari za askari tu, cha mtoto hakijui."

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi. Nchi nyingine, kama Ufaransa, zimekataza kabisa vyombo hivi, na katika Marekani jimbo la Virginia limevikataza. Lakini sisi tunacho chombo chetu kisichohitaji waya: madereva kupigiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi. Huo nao hutuambia habari za askari peke yake.

Mjomba aliniomba nikifungue chombo chake. Waya na fyuzi niliviacha, nikavitia tundu la pili la kuchajia simu. Kila tunapokipita kijiji kile sasa, hutazama kwanza ule mkokoteni.

Zoezi kwa wadogo zetu wa kidato cha pili: gari likienda kilometa 100 kwa saa, kwa breki zile zile, litahitaji mita ngapi kusimama? Pigeni hesabu, kisha mkazipime kwa hatua katika barabara ya shuleni.